Masini Ine za Koko

Kila asubui, mbele ya baclient kuingia mu atelie, patron wangu ananipa kichupa cha mafuta na ananiambia: "Nywesha masini." Ninainywesha masini ya kushona, tone moja juu, tone mbili chini, kisha ninazungusha gurudumu na mukono mupaka mafuta itembee. Ni mafuta mepesi, rangi ya chai bila maziwa. Ikipata moto kidogo inatoa harufu ya chuma, ya vumbi yenye kuungua, na ya kitu ingine yenye sijapata jina yake. Benzangu banacheka: "Huyu ameisha kwenda!" Ni kweli, nimeisha kwenda. Miguu iko ku pedali hapa Beni, mais roho iko Butembo, mu commune ya Mususa, mu salon ya nyumba ya koko wangu, siku ya Mungu kisha misa.

Nyinyi benye mulizaliwa siku moja na mimi munajua michezo yetu ilikuwa gani. Gari ya mukebe wa sardine, na magurudumu ya vifuniko vya bia. Mupira wa sashe za plastiki na kamba. Kama papa ya mutu alikuwa fundi wa tshukudu, ile baiskeli ya mbao bila pedali, mutoto ule alikuwa mufalme wa avenue, na sisi bengine tulikuwa tunamusukuma mugongo juu atuonjeshe na sisi kilima kimoja. Treni, hapana. Kwetu reli haipite. Mu kitabu cha masomo kulikuwa picha ya treni, na mwalimu alituambia ni nyumba mingi zenye kutembea zikishikana mikono. Tukaandika vile mu daftari, na nafikiri yeye pia hakukuwa ameiona hata siku moja.

Mais koko wangu, baba ya mama yangu, alikuwa na treni. Alikuwa na masini ine, ndio kusema vile vichwa vya mbele vyenye kuvuta, na wago kumi na moja za kuvutwa, na reli ya kuzunguka salon yote. Kila masini ilikuwa ya urefu wa mukono wangu, kutoka kiwiko mupaka vidole. Zilikuwa za zamani, za chuma na bati, michezo ya batoto ba Ulaya benye leo ni bazee kama si bafu.

Ya kwanza aliipata Mutwanga. Mu ujana wake alikuwa makanika ku shamba kubwa ya kahawa, na siku muzungu mwenye shamba alienda bila kurudi, sanduku moja ilibakia mu depo. Koko alifikiri ni vyombo vya kazi. Alipofungua akakuta reli, wago, na masini nyeusi yenye shimini imevunjika. Alikuwa ananiambia: "Nilikaa pale mupaka mama yangu akatuma mutu kuangalia kama nyoka imeniuma."

Zile tatu zingine zilipitia Kasindi. Tonton Paluku, mutoto wa kwanza wa koko, alikuwa déclarant pale ku mupaka. Kazi yake ilikuwa kufungua mizigo ya bacommerçants mbele ya ba douane na kuandika kitu iko ndani. Mara kwa mara balo, ndio marobota ya michezo ya kizamani, zilikuwa zinaingia kutoka Uganda, na tonton alikuwa anaingiza mukono ndani mupaka ku bega. Akipata masini, anakuja nayo Butembo ndani ya gazeti, anaitupa ku meza, "Papa, hii hapa," halafu anaanza kulalamika barabara. Nilifikiri hapendi michezo ya koko. Leo ninajua kama mutu anaweza kupekua balo miaka na miaka juu ya baba yake bila kusema neno moja tamu.

Kwetu Banande mutoto anapokea jina kufuata namna alivyozaliwa. Mwanaume wa kwanza anaitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Kama kisha bavulana musichana anakuja, anaitwa Kahindo. Koko alizaa bane, vile vile kabisa, na Kahindo ndio mama yangu. Masini pia alizibatiza vile. Ile nyeusi ya Mutwanga ikawa Paluku. Ile ndefu ya kijani ikawa Kambale. Kasereka ilikuwa na ugonjwa wa kwenda nyuma tu, na bajirani balicheka mupaka kulia, juu tonton Kasereka mwenyewe alikuwa mutu wa namna ile: ukimutuma soko, unamukuta kitandani. Na ya mwisho, kidogo, nyekundu, yenye kupita bila kelele, ikawa Kahindo. "Hii ni mwanamuke," koko alisema. "Inafanya kazi, haipigi makelele."

Moto, ndio umeme, ilitoka ku batri ya camion, na batri ilikunywa jua kupitia plaki ya juu ya nyumba. Koko alikata waya ya ndani ya fer ya kupasi yenye kufa, akaitumia kupunguza na kuongeza mwendo. Siku ya Mungu alikuwa anaweka vibiriti vine ku reli, na ku kila kibiriti aliandika jina: Kasindi chini ya kabati, Mutwanga ku muguu wa meza, Beni karibu ya mulango, Butembo mbele ya kiti chake. Bajirani balikuwa banajaa ku mulango na ku dirisha.

"Muzee," mumoja alikuwa anapenda kusema, "hii yako inafika Kisangani saa ngapi?"

"Lipa ticket kwanza. Benye kupanda bure ndio banaulizaka saa."

Mimi alikuwa ananiita muke yake, sawa bakoko banavyoitaka bajukuu ba kike. "Muke yangu, hapana tia mikono mingi. Tia macho."

"Papa, mutafunga ndoa lini?" mama alikuwa anauliza kutoka ku jiko.

"Siku atajua kuunganisha wago bila kuangusha ingine. Siwezi kuoa mutu wa kuniharibia treni."

Nilikuwa na miaka kenda. Nilikuwa ninajua kuunganisha wago.

Kulikuwa tena mutu mumoja mu nyumba ile. Miaka mbili mbele, nikiwa na saba, mwanamuke alifika ku mulango wetu na kifurushi ku kichwa, bila viatu, akitafuta kazi ya kulima. Alitoka mu vijiji vya upande ingine ya Beni. Vita ilimutosha kule, na kitu ilimupata hakusema, na koko hakumuuliza. Alimuambia tu: "Kaa kwanza, ukule." Akakaa mu chumba kidogo kando ya jiko. Sisi tulimuita Mama wa Beni. Alipika, alichota maji, na wakati mikono ya koko ilianza kutetemeka, yeye ndio alijifunza kuweka magurudumu ya masini sawasawa ku reli, kazi yenye kutaka vidole vyepesi. Koko alifurahi sana. Alianza kumuita Chef de gare, mukubwa wa stasioni. "Chef, tuondoke?" Na yeye, mutu wa kuchekaka kidogo, alikuwa anajibu: "Tuondoke, Papa."

Kitu kimoja kilikuwa kinanikasirisha. Kila mara treni ikifika ku kibiriti cha Beni, ilikuwa inasimama. Mutwanga ilipita, Butembo ilipita, mais Beni inasimama, muda murefu, na Mama wa Beni anabakia ameinama pale karibu ya mulango, anaangalia wago. Nilijiambia pale reli iko na kutu. Nilichukua hata kitambaa siku moja nikapangusa. Siku ya Mungu yenye kufuata, treni ikasimama tena palepale.

Koko alianguka mugonjwa mu wakati wa mvua. Mama wa Beni alimuosha, alimugeuza, alimulisha uji na kijiko. Mu siku zake za mwisho koko alinyoosha kidole ku sanduku ya masini na kuangalia mimi, lakini hakukuwa na nguvu ya kusema, na mimi nikatikisa kichwa sawa mutu mwenye kuelewa.

Nyumba ikajaa batu ya kilio. Batonton balifika, batantine, bajirani, banamuke benye kupika mu marmite kubwa inje. Unajua kilio inakuwa namna gani: batu banalia, banachoka, halafu mumoja anasema kitu ya kuchekesha juu roho ipumuzike. Siku ya pili, bibi, ndio muke ya tonton Kambale, aliangalia sanduku ya masini, akasema:

"Na hizi vyuma, tutafanya nazo nini? Si tupelekee bafundi ba sufuria! Hii nyeusi yenyewe inatosha sufuria ya batu kumi."

Batu bakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeisha kuona bafundi ba sufuria, kule chini ya avenue yetu, banavyomwanga chuma chenye kuyeyuka mu muchanga. Niliona masini Kahindo mu moto ile. Wakati batu balienda ku maombi, nikaingiza mukono mu sanduku, nikaifunga mu blouse yangu ya masomo, nikaishusha mupaka chini kabisa ya gunia ya makala mu jiko. Nikanawa mikono, nikaenda kuomba na bengine.

Kisha mazishi ukoo ukakaa kugawanya vitu vya marehemu. Tonton Paluku alisimamia. Shamba, mbuzi, kiti, kabuti: kila kitu ilisemwa na kujibiwa. Halafu akavuta sanduku ya masini katikati.

"Hapa hakuna kubishana," akasema. "Papa mwenyewe aliisha kugawa. Kila mutoto na jina yake."

Akatwaa ile nyeusi, akaiweka mapajani. Akapana Kambale kwa Kambale. Akapana Kasereka kwa Kasereka, na mutu akasema "Angalia isikupeleke nyuma," na batu bakacheka kidogo. Halafu akasema: "Kahindo, njoo utwae yako." Na sanduku ilikuwa na wago tu.

Ndipo nilielewa. Hakuna mutu angepeleka masini ku moto. Ile kidogo nyekundu ilikuwa ya mama yangu toka siku ilibatizwa, na mimi niliiba kitu yetu sisi benyewe. Ningesema pale pale, ingekuwa fimbo mbili na kicheko. Nilifikiri dakika moja tu, na mu dakika ile bakubwa balikuwa bameisha kupata mutu.

"Nani alikuwa anazishika kila siku?" tonton Paluku akauliza.

"Si ule mama wa Beni?" bibi ya Kambale akajibu.

Bakamuita. Alitoka jikoni, mikono myeusi na makala.

"Mama, leta muzigo wako."

"Papa, mimi sijatwaa kitu."

"Donc hauna woga. Leta."

"Yaya," mama yangu akaambia kaka yake, "huyu ndiye alimuosha papa."

"Kahindo, ku douane hata mama ya padri tunamufungulia."

Akaleta kifurushi. Tonton akakifungua mbele ya batu bote, mbio, na vidole vya mutu mwenye kuzoea. Kanga mbili. Sabuni nusu. Triko moja ya mutoto. Na kitambaa chenye kufungwa mafundo tatu. Akakata fundo la tatu na meno, na maharagi ikamwangika chini, ile ya madoadoa mekundu. Ilikuwa mbegu ya shamba lake. Siku zingine tulikuwa tumelala na uji tu, na hakuipika. Alikuwa anaiweka juu ya siku ya kurudi.

Alipiga magoti kuiokota. Mimi pia nikapiga magoti. Tuliokota sisi babili, batu bote banaangalia miguu yao. Alikuwa anaokota moja, ananiangalia, anaokota ingine. Hakukuwa na kasirani mu macho yake. Nilijiambia: sasa ninasema. Nikajiambia: kisha hii moja. Maharagi ikaisha chini.

"Haiko hapa," tonton akasema, "basi aliisha kuituma."

Asubui Mama wa Beni alisalimia batu bote, mumoja mumoja, na kuambia mama: "Ninaenda mbele munifukuze." Akaweka kifurushi ku kichwa. Batonton pia bakatawanyika, Paluku na ile nyeusi kwenda Kasindi, Kambale na ile ya kijani kwenda Mutwanga. Toka siku ile masini ine hazijakimbia tena pamoja. Reli mama aliifunga na kamba.

Gunia ya makala iliisha kisha wiki tatu. Mama aliipindua inje kumwanga vumbi, na blouse yangu ikaanguka. Niliona mugongo wake ukisimama. Alifungua, akaona, akakaa chini palepale mu vumbi. Nilingojea fimbo. Ningefurahi.

"Ni juu ya sufuria," nikasema nikilia. "Balisema batafanya sufuria."

Akasimama, akapangusa vumbi ku kanga yake. Halafu akasema: "Kamata kuku. Ule mwekundu."

Kwetu hauendi kuomba radhi mikono mitupu. Tulipanda pickup asubui, kuku mapajani mwangu, miguu yake imefungwa na kipande cha kanga. Beni tuliuliza mu soko, tukauliza ku parokia, mupaka mama mumoja akatuonyesha shamba mwisho wa muji, kwenye banamuke balikuwa banalimia mutu mwengine. Mama wa Beni alituona toka mbali. Hakuacha kulima mupaka tukafika karibu.

"Sema," mama akaniambia.

"Ni mimi. Niliiweka mu makala."

"Ninajua." Akapangusa jembe na majani. "Makala, nani alikuwa anatosha kila asubui? Siku ya tatu ya kilio nilisogeza gunia, na mukono wangu uliigusa kule chini."

Mama akashika mudomo. "Na haukusema!"

"Ningesema, mama yangu, nani angeniamini? Mugeni wa kukimbia vita, aseme mutoto wa nyumba ni mwizi?" Halafu akaniangalia mimi, sawa siku ile. "Wakati tulikuwa tunaokota maharagi, nilikungojea."

Nimesikia maneno mabaya mingi mu maisha, na ingine balinitukana mimi mwenyewe. Hakuna moja iliniingia sawa ile.

Mama akamupa kuku na mikono mbili. Alikataa.

"Aksanti. Kuku hapana. Balinivunja mbele ya batu. Hapa kuko majani tu. Mutoto aseme mbele ya bale balinifungua muzigo."

Ku misa ya siku makumi ine ya koko, ukoo ulikusanyika tena mu salon. Mama aliweka Kahindo ku meza, nyekundu, amepangusa makala yote. Batu bakapiga makelele ya furaha, "Ilionekana! Ilionekana!" Mama akainua mukono, akanisimamisha katikati. Nikasema kila kitu: blouse, gunia, maharagi. Nikasema tena kama Mama wa Beni alijua na alinyamaza, na juu ya nini. Bibi ya Kambale alifunika uso na kanga. Tonton Paluku akauliza mama:

"Ni quartier gani, Beni?"

"Mutoto anajua."

"Basi kesho ataniongoza."

Mu gari tonton alishika usukani, macho ku njia. Nilifikiri ananichukia. Halafu akasema bila kugeuka:

"Papa alikuwa anasimamisha treni pale Beni. Unajua juu ya nini?"

"Reli ilikuwa na kutu, tonton."

"Reli haikukuwa na kutu. Ni mimi niliisugua." Akapita mulima mumoja mbele ya kuendelea. "Alikuwa anakata moto na mukono wake. Alikuwa ananiambia: muache mama afike kwao kidogo."

Nikaangalia inje. Migomba ilipita, mingi mingi.

Mama wa Beni alikuwa anakaa mu nyumba ya udongo, mulango mufupi. Tonton wangu ni mutu murefu, wa tumbo, mutu wa kuogopwa Kasindi. Alivua kofia, akainama, akaingia. Niliona bakimuletea kiti, na hakuikaa. Alikaa chini ku mukeka, miguu imekunjwa. Akanifanyia ishara nibakie inje. Nilisikia sauti yake, muda murefu, ya chini chini, bila kushika maneno.

Ndipo sauti ya mwanamuke, polepole, bila kasirani na bila haraka:

"Papa, miaka mbili nilikaa kwa baba yenu. Unajua ninaitwa nani?"

Nilingojea tonton ajibu. Mimi pia nikatafuta mu kichwa. Nikatafuta ku jiko, ku reli, ku chumba kando ya jiko, mu siku zote zile. Sikupata kitu.

"Hapana," tonton akasema. "Sijui."

"Ninaitwa Katungu."

"Katungu," tonton akasema.

"Sema tena."

"Katungu."

Na mimi, inje, mugongo ku ukuta wa udongo, nikasema nao.